Mnada wa Harusi ya Kwanza

Kuta nne zilikuwa zimesimama tangu Pasaka, na ndani yake mbuzi wa Doolan mwenye hoteli walikuwa wakila majani. Hilo ndilo lilikuwa sinagogi la Warrabee, mji wa wachimba dhahabu: matofali mekundu, madirisha yenye matao, mlango ambao ungempitisha ngamia na mzigo wake, na juu yake mbingu tupu. Fedha zilikwisha kabla ya paa.

Si kwamba watu hawakutoa. Serikali ya koloni ilitoa kiwanja. Wayahudi wa Melbourne walituma fedha pamoja na barua ndefu za ushauri, na wale wa London wakatuma ushauri mtupu. Viti vya heshima vya ukuta wa mashariki viliuzwa kabla msingi haujachimbwa, na wenye navyo wakaanza kugombana nani atakaa karibu zaidi na kabati la Torati ambalo hata mbao zake zilikuwa bado ni miti msituni. Wanawake waliandaa soko la hisani, wakauza keki, vitambaa vya kudarizi na matango ya siki, na wachimba dhahabu wa Kiairishi wakala, wakaenda, wakarudi tena. Waskoti walitoa. Wachina wa barabara ya chini walitoa. Padri wa Anglikana alitoa pauni moja akaomba isitangazwe, nayo ikatangazwa jioni ileile. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini kibaba hiki kilikuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alitaka paa la vigae vya mawe kutoka ng'ambo, kama la kanisa la Waskoti.

Leiser Prager, muuza vifaa vya machimbo, alipendekeza mabati. Alikuwa nayo dukani, na angeyatoa kwa bei aliyonunulia.

"Mabati!" mwenyekiti alimaka. "Mvua ikinyesha, Mungu atatusikiaje?"

"Atasikia mvua, na sisi tutakuwa hatujalowa," Leiser alijibu.

Kura zikapigwa, mabati yakashindwa, na mbuzi wakaendelea na majani yao.

Leiser alikuwa na miaka arobaini na sita, mrefu, ndevu zimeanza kuingia mvi kwa upande mmoja tu. Mikutanoni ulimi wake ulikuwa mwepesi kama wembe. Palikuwa na mahali pamoja tu ulipogeuka jiwe, napo ni kwenye duka la mikate la Hinde Zadek. Hinde alikuwa mjane. Mumewe alikufa kwa homa ya machimboni akamwachia tanuri moja na hakumwachia mtoto, na kwa tanuri hilo Hinde aliulisha mji mzima: mikate ya kawaida siku za kazi, na ile ya kusukwa kila Ijumaa kwa ajili ya Sabato. Kila asubuhi kwa miaka sita Leiser alikwenda dukani mle mwenyewe. Njiani alikuwa akijifundisha maneno mazuri. Akifika kaunta, maneno yote yanampotea, na analobaki nalo ni hili: "Mkate mmoja, Bi Hinde, na siku njema." Mtu mzima, mwenye duka, mwenye akili zake! Kuna wanaume wanaostahili kuchapwa bakora, na wa namna hii ndio wangeanza.

Kisha, majira ya baridi ya mwaka ule, akatokea mfanyabiashara wa unga kutoka Melbourne. Jina lake Abraham Jacobs. Ndevu hadi kifuani, koti jeusi, gari la farasi linalong'aa. Alikuja mara ya kwanza, akaja mara ya pili, na kila akija alikaa muda mrefu dukani kwa Hinde, na kicheko cha Hinde kilisikika hadi barabarani. Tena alitoa pauni mbili kwa ajili ya sinagogi. Leiser alikutana naye mlangoni, akamtakia Sabato njema kwa lugha takatifu, na Jacobs akavua kofia kwa heshima kubwa.

Leiser akajumlisha mwenyewe. Abraham, ndevu, pauni mbili. Na hana mke, maana mwenye mke hachekeshi wajane namna ile. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Wivu ni kidonda, na yeye alikuwa akikitonesha kila asubuhi kwa kisingizio cha mkate.

Sikukuu ya Kufurahia Torati iliangukia Oktoba, nzi wa kiangazi wameshaanza kurudi. Watu walikusanyika kama kawaida kwenye ukumbi wa nyuma wa hoteli ya Doolan. Meza ya biliadi ilifunikwa kwa mahameli ili magombo ya Torati yapate pa kulala, na wanawake walikaa nyuma ya shuka lililotundikwa kwenye kamba. Harufu ya bia ilikuwa imeingia kwenye mbao, uzisugue usizisugue.

Desturi ya siku hiyo ni kunadi heshima za ibada, na mwaka huu mnada wote ulikuwa wa paa. Mnadi alikuwa mweka hazina, Isidor Benscher, ambaye siku za kazi alinadi farasi. Sikukuu hairuhusu kuandika, kwa hiyo kila aliyetaja bei alikunjiwa pembe ya kadi yenye jina lake, na neno lililomtoka likawa nadhiri. Fedha zingefuata sikukuu ikiisha.

"Ufunguo!" Benscher alipaza sauti. "Nani atafungua mlango siku ya kwanza? Usinitazame hivyo, Bwana Hartog, najua umepata dhahabu Jumanne!"

Ufunguo ukauzwa. Taa isiyozimwa ikauzwa. Kubeba gombo la kwanza, la pili na la tatu, yote yakauzwa. Benscher akazipapasa kadi zake, akatikisa kichwa.

"Ndugu zangu, tumeezeka upande mmoja. Upande wa pili mbuzi bado wanaziona nyota."

"Huna kingine cha kuuza," mtu alisema. "Labda shuka la kina mama."

"Ninacho," Benscher alisema, ingawa uso ulionyesha kwamba ndiyo kwanza anakitafuta. Akakipata. "Nauza harusi ya kwanza!"

Watu wakaangua kicheko.

"Ya nani? Binti yako ana miaka tisa!"

"Sikusema ya nani. Nauza siku. Atakayeinunua ndiye atakayeamua nani asimame wa kwanza chini ya chandarua cha harusi ndani ya nyumba ile. Akitaka asimame mwenyewe, akitaka ampe mwingine. Na kabla yake, haoi mtu humo wala haolewi mtu."

"Doolan ana ng'ombe wawili wanapendana!"

"Kumi na nane," sauti ilisema karibu na mlango.

Alikuwa Zanvil, fundi viatu. Kwa kumi na nane kumi na nane ndivyo walivyopandishiana bei siku zote, kwa kuwa herufi za neno lao la uhai zikijumlishwa ni kumi na nane.

"Shilingi?" Benscher aliuliza.

"Pauni."

Kicheko kikakatika. Zanvil alikuwa na mke, watoto sita, na viatu vyake mwenyewe vilikuwa vikingoja fundi.

"Zanvil, mkeo anajua unaongeza wa pili?"

Zanvil akawa mwekundu hadi masikioni. "Nimetaja bei. Kunja kadi."

Kabla ya kusema hivyo alitupa jicho upande wa shuka la wanawake. Wengine hawakuona. Leiser aliona, akaanza kupiga hesabu. Zanvil hakuwa na pauni kumi na nane. Basi alikuwa anasema kwa niaba ya mwenye nazo. Na nani mwenye nazo, ambaye hayupo ukumbini, na ambaye anataka kuoa Warrabee? Picha ya koti jeusi na gari linalong'aa ikamjia waziwazi.

"Thelathini na sita," mdomo wa Leiser ulisema, kabla mwenyewe hajaamua.

Vichwa vyote vikageuka. Zanvil alimkodolea macho kama aliyepigwa na ubao.

"Bwana Leiser," alisema polepole, "una hakika?"

"Kwani nimekuuliza wewe?"

Zanvil akalitazama shuka. Nyuma yake mtu alikohoa. "Hamsini na nne," Zanvil akasema, kwa sauti ya mtu anayenyang'anywa.

"Sabini na mbili," Leiser alisema, halafu akagundua kwamba Zanvil naye amesema hivyohivyo, kwa wakati uleule.

"Ya Zanvil imetangulia!" Benscher alipiga kelele, jasho la furaha likimtiririka. Hajawahi kuuza farasi kwa bei hiyo. "Sabini na mbili kwa Zanvil! Naenda mara ya kwanza..."

"Tisini," Leiser alisema.

Walevi wa Doolan walisikika wakibishana upande wa pili wa ukuta. Zanvil alilitazama shuka kwa muda mrefu. Safari hii hakukohoa mtu. Akainamisha kichwa.

"Nimefika mwisho," alisema.

Benchi likakwaruza sakafu nyuma ya shuka, na mlango wa nyuma ukafunguliwa ukafungwa. Benscher akaikunja kadi ya Leiser pembe kwa pembe mpaka ikawa kama karanga.

"Hongera, Bwana Leiser! Sasa tuambie, bibi harusi nani?"

"Mizani yake ya dukani!"

"Hapana, ameoa sepetu. Angalau ina kiuno!"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sikukuu ilipokwisha Leiser alilipa, na katika akiba ya miaka mingi kikabaki kitu kidogo cha aibu. Vigae vikapatikana ghalani Melbourne, vikaagizwa. Waashi wakarudi, mbuzi wakafukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Kila aliyeingia dukani kununua msumari alimuuliza Leiser hali ya bibi harusi, naye akajibu kwa ukali kwamba ni mzima, yuko safarini.

Lakini kwa Hinde hakwenda tena. Alikula biskuti ngumu za wachimbaji, zile zinazovunja meno, na akiwa anazitafuna alijiambia ukweli. Amenunua siku ya furaha ya mtu ili mtu huyo asifurahi. Hana wa kumwoa, na amemfungia mlango mwanamke anayempenda kuliko mtu yeyote duniani. Hinde atakwenda na Jacobs wake kufunga ndoa Melbourne, na hatarudi, na hilo litakuwa kosa la Leiser Prager peke yake. Aliona haya sana, na haya hiyo haikumwacha hata mara moja kwa wiki sita.

Mwezi wa Desemba Benscher alikuja kuegemea kaunta yake.

"Mnunuzi, tunafungua Januari. Nipe majina, au niiuze tena ile siku."

"Kitu kimoja utakiuzaje mara mbili?"

"Mimi? Nina farasi nimewahi kumuuza mara tatu, na wa mwisho alinishukuru."

Jioni hiyo Leiser alimwendea Zanvil, akamkuta amebana kiatu katikati ya magoti.

"Sikukuu ile ulikuwa unamsemea nani?"

"Niliapa sitasema."

"Sitaki ugomvi. Nataka kumrudishia."

Zanvil alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaipanga kwenye benchi, akamtazama kama daktari amtazamavyo mgonjwa aliyechelewa kuja.

"Bi Hinde," alisema. "Mengine nenda kamuulize mwenyewe, na ukirudi hapa unakuja na shukrani au unakuja na kiatu. Maneno matupu sipokei tena kwako."

Basi ni kweli, Hinde anaolewa na Jacobs. Leiser aliondoka akiwa na uzito kifuani, lakini angalau sasa alijua la kufanya. Mtu anaweza kununua heshima na kumpa mwenzake. Hiyo ni desturi njema, na watu wakubwa wameifanya.

Asubuhi alimkuta Hinde anatoa mikate ya kwanza, nywele amezifunga kwa kitambaa, mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni.

"Lo! Yu hai," Hinde alisema bila kugeuka. "Nilishasema, mtu huyu amekufa na mazikoni sikualikwa. Mkate mmoja?"

"Sikuja kwa mkate, Bi Hinde."

"Basi umepotea duka. Kwa kinyozi ni huko mbele."

"Nimekuja kukupa ile siku." Safari hii alikuwa ameamua asiyangoje maneno mazuri, na yale mabaya yalitoka yote kwa mpigo. "Harusi ya kwanza. Ni yako. Zanvil ameniambia. Sikuwa na haki nayo, nilikuwa na wivu, basi. Fungeni ndoa wewe na Bwana Jacobs, msimame wa kwanza, na Mungu awape heri. Mimi nitakaa nyuma."

Hinde aliweka chini koleo la tanuri.

"Mimi na nani?"

"Bwana Jacobs. Wa unga."

"Abraham Jacobs?"

"Huyohuyo."

"Leiser, Abraham Jacobs ni Mwelshi!"

"Myahudi wa Wales, sawa, ni walewale..."

"Mwelshi wa Kimethodisti! Ni mhubiri! Kule kwao wote ni kina Abrahamu na Isaka na Yakobo, hawana majina mengine! Ana mke na mabinti saba, na kila akileta unga ananiachia vijitabu vya kuniokoa roho. Navitumia kuwashia tanuri, Mungu anisamehe, vinashika moto vizuri sana."

"Lakini... pauni mbili..."

"Hata padri alitoa! Huyo naye ni Myahudi?"

Na hapo Hinde akacheka, akacheka mpaka ikabidi akae juu ya gunia. Leiser alibaki amesimama na kofia mkononi, masikio yanawaka. Kisha kicheko kile kikabadilika, na Hinde akajifuta macho kwa kiwiko, akawa na hasira kabisa.

"Miaka sita," alisema. "Mkate mmoja, Bi Hinde, na siku njema. Miaka sita! Mvua, jua, mkate mmoja. Nikasema, huyu hafungui mdomo mpaka Masihi aje, na Masihi akija atamwambia siku njema. Benscher alipotangaza kitu chake cha kijinga, nikamnong'oneza mke wa Zanvil, naye akamkonyeza mumewe pembeni ya shuka: nunua. Nikasema nikishaipata, nitakwenda dukani kwake, niiweke kwenye kaunta kama anavyoweka yeye nyundo. Siku hii hapa, Bwana Leiser. Imelipiwa. Inakosa bwana harusi."

Kofia ilimwanguka Leiser, akaiokota.

"Sabini na mbili, Leiser! Kila peni iliyotoka kwenye tanuri hili tangu Zadek afe. Na kule mbele kuna mwendawazimu ananipandishia bei. Nachungulia pembeni ya shuka nimwone adui yangu. Kumbe ni bwana harusi mwenyewe, na sijui anamnunulia nani!"

Mikate ilianza kunukia kuungua. Hakuna aliyekwenda kuitazama.

"Ningejua," Leiser alisema hatimaye, "ningekuachia kwenye kumi na nane."

"Na paa?"

"Paa lingekuwa la mabati. Nilisema tangu mwanzo."

Hinde akacheka tena, kicheko kidogo, cha karibu. "Sasa niulize," akasema. "Niulize kama watu wanavyoulizwa. Sitakusaidia hata neno moja, nimekwisha kukusaidia vya kutosha."

Leiser aliweka kofia juu ya kaunta, akamuuliza. Yale maneno mazuri aliyoyapoteza kwenye mlango ule kila asubuhi hayakurudi, lakini aliyoyapata yalitosha, na wachimbaji waliokuja kununua mikate saa hiyo waliuziwa iliyoungua.

Walioana Januari, siku ya kazi, jua la kukausha mate. Mji mzima ulikuja kwa kuwa mji mzima ulikuwa umelipa. Doolan alivaa koti. Wachina wa barabara ya chini walileta fataki wakaambiwa wazipige nje. Abraham Jacobs alikaa mstari wa pili, vijitabu vinamtoka mfukoni. Juu ya wote vigae vilikaa safi, na mwenyekiti alivitazama zaidi kuliko alivyowatazama maharusi. Kilichobaki ni kimoja tu: roshani ya wanawake ilikuwa imejengwa ikakosa ngazi, na kwa hiyo wanawake walikaa chini, upande wa kushoto, wakichelewesha ibada kwa minong'ono.

Leiser alivunja gilasi kwa kisigino kama ilivyo desturi ya harusi zao, watu wakashangilia, na kabla vifijo havijatulia Benscher alikuwa ameshapanda juu ya benchi.

"Ndugu zangu, ngazi! Kina mama wataruka kama kuku mpaka lini? Nauza tohara ya kwanza! Mtoto wa kwanza wa kiume kuingizwa katika agano ndani ya nyumba hii! Nani..."

Akasita. Kila mtu alisita. Hinde alikuwa na miaka thelathini na tisa, na miaka kumi aliyokaa na Zadek haikumletea mtoto. Warrabee yote ilijua. Watu walitazama viatu vyao, na mke wa Zanvil aliziba mdomo kwa kitambaa. Benscher mwenyewe aligeuka rangi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na mdomo uliokuwa ukimtangulia.

"Basi," alisema kwa sauti ndogo, akitafuta pa kuweka mguu ashuke. "Tutauza siku nyingine. Tuleni."

Leiser alihisi hasira ikimpanda, akapiga hatua amshushe kwa kola ya koti. Hakufika. Pembeni yake mkono ulikuwa umeinuka kutoka kwenye shela, mkono wenye alama za kuungua na tanuri.

"Sabini na mbili," Hinde alisema.

Mwanamke hajawahi kutaja bei katika nyumba ya ibada, sembuse bibi harusi. Mwenyekiti aliinuka kwenye kiti chake cha mashariki, akaitazama roshani isiyo na ngazi, akakaa.

"Bi Hinde," Benscher alisema, "mnada huanzia chini."

"Mimi sina muda wa kuanzia chini."

Hakuna aliyecheka. Mke wa Zanvil alikuwa analia waziwazi. Benscher alijaribu kuuliza kama yupo wa kuzidisha, na kwa mazoea macho yake yakamwendea Leiser, na nyumba nzima ikamtazama Leiser pamoja naye.

Leiser alimtazama mkewe. Mkono wake ulikuwa bado juu, na hakuwa na nia ya kuushusha. Leiser alitamani mtoto kama hajawahi kutamani kitu, na aliogopa vilevile, na akaona kwamba Hinde naye anaogopa na bado ameinua mkono.

"Hakuna wa kuzidisha," Leiser alisema. "Mwandikie."